Shubiri kwa Kidole

Lilikuwa gari la kwanza Siwema kuliunda kwa mikono yake. Alilikata kwenye debe la mafuta, magurudumu akayachonga kwa ndala kuukuu, na kila kitu alikipima kwenye lori la baba yake lililoegeshwa uani: shubiri moja ya lori la kweli ikawa upana wa kidole kwenye lori lake.

Baba yake alilinyanyua, akaligeuzageuza huku akicheka. "Mama Siwema, njoo uone! Hata pale mlango ulipobonyea kapaweka! Huyu mtoto ana jicho!"

Mama alikuja akijifuta mikono kwa kanga. Akachungulia kwenye kioo cha mbele, akatabasamu. "Na hiki chekundu kinachoning'inia?"

"Kiatu cha mtoto mchanga," alisema Siwema, kifua mbele. "Baba amekitundika kwenye kioo safari hii. Nimekipima nacho."

Kitindamimba wa nyumba ile alikuwa Siwema mwenyewe, na alikuwa na miaka kumi na mitano.

Baba alipenyeza kidole dirishani, akakata uzi. "Hiki umejitungia tu, mwanangu," alisema, macho kayatupa ukutani.

Siwema hakuwa amejitungia hata msumari mmoja. Aligeuka ili mama yake amtetee, lakini mama alikwishatoka. Alikuwa uani, amepanda ngazi ya lori, paji la uso kalibandika kwenye kioo cha mlango.