Uzi wa Chumba Kimoja

Matofali Mwajabu aliyafyatua mwenyewe, kwa hesabu ya chumba kimoja chenye dirisha, na fundi Kitwana akasimika vigingi vinne, akazungusha uzi.

"Masika yanikute ndani, fundi."

"Yatakukuta ndani, mama."

Kesho yake Sefu, ndugu wa marehemu mumewe, akavisogeza vigingi. "Mke wa kaka yangu hawezi kukaa banda la kuku. Weka sebule, fundi." Keshokutwa akaongeza baraza, kisha vyumba vya wageni. Kila Mwajabu alipofungua mdomo, fundi alikuwa ameshamwitikia mwanamume.

Mvua ya kwanza ilikuta vyumba vitano, kuta zikiishia magotini, na matofali yamekwisha. Sefu aliyatazama mawingu, akasema kweli ramani imependeza, kisha akarudi kwake kwenye bati.

Mwajabu akaving'oa vigingi. Akaburuta kitanda kutoka chini ya turubai alikokuwa akilala hadi katikati ya sebule, akavikita kwenye tope kukizunguka, akafunga uzi kwa kipimo kile kile cha mwanzo. Mvua ikazidi. Akavua viatu pale ambapo mlango ungekuwa, akaingia.