Mdomo Wangu Mwenyewe

Mimi sisahau. Wakubwa wa soko walisema wanawake wa Sikonge tunachelewesha biashara kwa maneno mengi, ndipo kila mfanyabiashara akavishwa kidani shingoni cha kumsemea kwa sauti yake. Tangu hapo, kwenye ukumbi wa kukutana na wanunuzi, watu mia wanakaa wawili wawili, kimya. Vidani vinaongea dakika mbili, kengele inalia, unahamia kiti kingine.

Juzi nilikivua changu. Kikundi chetu kilikuwa na mapipa arobaini ya asali, na kidani kilikuwa kimeshakataliwa mara tisa.

Mnunuzi wa kumi aliitwa Mwandu, mtu mzima mwenye suti. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Habari za kwako, baba? Wa nyumbani wazima?"

Akashtuka. Akakohoa kwanza, sauti ilikuwa imekauka. "Wazima, mama. Yaani… sijui. Sijawauliza."

"Basi lamba asali hii, utawauliza ukifika."

Akalamba kijiko, akafumba macho. "Nyuki wake wanakula maua gani?"

"Ya miyombo. Swali hilo, kidani chako kingeuliza?"

Akacheka mpaka watu wakageuka. Kengele ikalia, hatukuhama. Akachukua mapipa yote arobaini.

Nilirudi Sikonge kifua mbele, nikiwa na ya kusimulia mwaka mzima.

"Hongera, mke wangu! Hebu nieleze," sauti ya mume wangu Maganga ikanipokea mlangoni, tamu, ya upole.

Alikuwa mezani. Mdomo wake ulikuwa umejaa ugali, unatafuna; kidani chake kilining'inia shingoni.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikasubiri ameze.