Jitu la Darajani

Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, Shekue alicheza gemu kila alasiri ili vidole vichangamke, na kila alasiri jitu la darajani lilimuua. Leo usingizi ulimpitia kitini, padi ya gemu mapajani. Mkewe, Mwanaidi, aliichukua kwa hasira tu, amlipizie kisasi. Akauawa, akarudia, akauawa tena, akatukana chinichini. Mara jitu likaanguka, na lango la daraja likafunguka. Nusura apige kigelegele. Kisha akamtazama mumewe, akairudisha padi mapajani polepole, kama anayerudisha kitu cha wizi.

Shekue akafumbua macho. "Mama Zuhura! Limekufa?"

"Si umeliua mwenyewe!" akasema Mwanaidi. "Hongera."

Shekue akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ghafla kicheko kikakatika. Akaugeuza ule mkono uliolegea, akautazama huku na huku.

"Mbona sikumbuki?" akauliza. "Daktari alisema nikianza kusahau tusikae kimya."

Mwanaidi akafungua kinywa. Kwenye televisheni, lango lilikuwa bado wazi, likimngoja mtu apite.