Gia ya Pampu ya Mji

Jino la mwisho lilitoka jembamba tena. Fundi Shebughe aliichomoa gia kwenye mashine ya kuchongea, akaitupa juu ya nyingine alizoharibu tangu asubuhi.

"Bado?" aliuliza mkewe, Mwanahawa, akiwa mlangoni na ndoo tupu. "Baba Salha, watu wameanza kuchota maji kwenye bwawa la ng'ombe."

"Unadhani nacheza?" alifoka. "Pampu inataka gia yenye meno sawasawa. Na hii mashine ina gia yake ndani, ndiyo inayopima nafasi ya kila jino, nayo imelika. Ili niichonge mpya nahitaji mashine nzima, na mji huu mashine ni hii tu!"

Akaipiga teke, akaumia kidole, akaketi sakafuni akisonya. Mwanahawa hakucheka. Aliinama kuitazama ile gia ya ndani.

"Imelika pande zote?"

Shebughe alijisogeza, akayapapasa meno ya gia hiyo moja moja. Miaka yote mashine ilizungushwa kuelekea upande mmoja. Kila jino lilikuwa limelika upande huo tu. Alinyanyuka, akaifungua gia, akaigeuza nyuma mbele ili upande usiolika ndio ufanye kazi, akaikaza upya.

Alasiri watu walikuwa wamejaa mlangoni. Alichonga gia mpya ya pampu, jino baada ya jino, bila kumtazama yeyote. Lilipobaki la mwisho, lile lililomharibia gia zote za asubuhi, alifuta jasho, akashika mpini wa mashine. Mwanahawa alisogeza uso karibu na kisu cha mashine kinachokata chuma. Chembe za chuma zilianza kumwagika zikimeta, na hakuna aliyethubutu kukohoa.