Nguva wa Magunia ya Unga

Mkia ulikaa vizuri. Kilichogoma ni tumbo.

"Vuta pumzi ndani, Zefanias," alisema Argentina, akikaza uzi kwa sindano ya kushonea nyavu. "Na usinune. Tumekuchagua kwa huo unene."

"Mngeniambia mapema ningefunga," alinung'unika mwoka mikate kutoka ndani ya magunia ya unga, yaliyotiwa rangi kwa magome ya mikoko.

Wanawake wa ghuba walicheka, ila roho zao zilikuwa juu. Dona Lurdes, ofisa kutoka Maputo, alishafika. Akimwona nguva akila nyasi za baharini, ghuba itabaki yao. Asipomwona, meli zitaruhusiwa kuingia na nyavu za kukokota, ambazo hung'oa nyasi zote chini. Na nyasi zikiondoka, kamba na samaki wachanga watakulia wapi? Kila sufuria ya pale ilitegemea nyasi zile. Nguva mwenyewe hakuwa ameonekana tangu Argentina alipokuwa msichana, na sasa ana wajukuu.

Basi wakatengeneza wa kwao.

Argentina alimpakia mgeni kwenye boti, akazima injini mbali kabisa na nyasi.

"Tusogee kidogo, mama," alisema Dona Lurdes, darubini mkononi.

"Aa, Dona! Nguva ni mwoga, ataondoka."

Mgongo wa kahawia uliibuka, ukapumua kwa kishindo, ukazama. Argentina alitamani kupiga vigelegele.

Kisha mambo yakaharibika. Zefanias aliambiwa aibuke polepole mara mbili tatu, halafu ajifiche nyuma ya miamba. Badala yake alikuwa anakata maji huku na huko, mkia ukipiga ovyo. Nyuma yake matope yalifuka, na majani yaliyong'olewa pamoja na mizizi yake yalielea juu. Nani alimwambia achimbe? Argentina alisaga meno. Mpe mwoka mikate kazi ya kuigiza, lazima aongeze hamira.

"Ana mbio huyu," alisema Dona Lurdes.

"Ana njaa, Dona."

"Na hizo kelele?"

"Wakishiba huimba."

Dona Lurdes alishusha darubini. Hakutabasamu hata kidogo.

"Mama Argentina, kazi yangu mimi ni nguva. Yule pale ameandikwa mgongoni 'Unga wa Ngano, Kilo Hamsini'."

Argentina alikaa juu ya ndoo ya samaki. Aliona aibu, kisha akawaza wajukuu wake, na aibu ikageuka uchungu.

"Utusamehe, Dona. Zile nyasi ndizo shamba letu. Tungefanya nini sisi? Tungekaa tu tuangalie zikikokotwa?"

Dona Lurdes aliinua tena darubini. Alitazama maji, kisha akachomoa kalamu kutoka kwenye nywele zake.

"Huyo wa mbele simwandiki," alisema. "Namwandika nguva huyu mkubwa anayemkimbiza. Naona amempenda."