Kibao cha Kilugha

Kengele ikilia kibao cha kuvishwa aliyesema kilugha mwisho darasani kikiwa bado shingoni mwake, Syombua angechapwa. Alimtazama kiranja Mwanzia kwa shaka. Wavulana walikuwa wameporomosha kilugha asubuhi nzima naye akacheka nao; Syombua aliomba kifutio tu, akavishwa.

"Wasichana bwana, midomo haifungiki!" Mwanzia alimcheka.

Mara mwalimu akajibana kidole kwenye droo. "Mwaitu!" akapiga yowe, akimwita mama yake kwa kilugha.



"Nani amesema hivyo?" akauliza, kidole mdomoni.

"Huyo huyo, mwalimu," Mwanzia akamnyooshea Syombua mkono.

Syombua akavua kibao, akaenda mbele. Akaipanua kamba yake kwa mikono miwili, hata ikatosha kupitisha kichwa cha mtu mzima.