Ufunguo wa Tatu

Chama cha akiba na mikopo kilipohamia jengo jipya, sanduku lake la kwanza liliwekwa ukumbini, watu walione. Lilikuwa na makufuli matatu, na kila ufunguo ulikuwa na mtunzaji wake, ili asilifungue mtu peke yake. Funguo mbili zilisharudishwa. Jumanne asubuhi Mzee Lyatuu akaleta wa tatu, ungali na uzi aliouvaa shingoni miaka yote.

"Shikamoo, baba. Karibu kiti," alisema mwenyekiti, Mama Eliaichi.

Hakukaa. "Siku ile ulipokuja kuomba mkopo wa kumpeleka mumeo hospitali, wenzangu wawili walikubali. Mimi nikakwambia sanduku hufunguliwa Ijumaa tu."

"Ndiyo ilikuwa kanuni, baba."

"Niliitunga mimi. Na Alhamisi tukamzika."

Mama Eliaichi alisogea kando, akampisha.

Mzee aliinama, akatia ufunguo, akauzungusha. Kufuli likafunguka mara moja, bila hata kukwaruza. Wakasimama wote wawili wakilitazama linavyoning'inia wazi, siku ya Jumanne.